Fatwa ya Vita na Ruhusa ya Mama



Mama mmoja mkaazi wa Migori ametuletea swali ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa faragha. Mwanawe wa kidato cha nne husikiliza kwenye simu mawaidha ya mtu asiyejitaja jina, anayedai kuwa vita leo ni fardhi ayn, yaani wajibu wa kila Mwislamu popote alipo, na kwamba hata ruhusa ya wazazi haihitajiki. Mama anauliza: je, wanavyuoni wameafikiana hivyo?

Hawakuafikiana, na historia ya huko huko aliko yatosha kumfunulia.

Septemba 1914 askari wa Wajerumani walivuka mpaka ulio jirani na Migori, wakafika Kisii na kupigana na jeshi la Waingereza. Waislamu walikuwamo katika majeshi ya dola zote mbili. Miezi miwili baadaye, mjini Istanbul, Sheikh-ul-Islam wa dola ya Uthmaniya alitoa fatwa kuwa jihadi ni fardhi ayn dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Wajerumani hawakuguswa, kwa kuwa walikuwa washirika wa Waturuki, ilhali ni wao hao waliowaangamiza watu wa Tanganyika katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na Waislamu wakiwamo! Wakaieneza fatwa ile kwa bidii. Naye Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Haroub (Khalifa hapa ni jina, si cheo), akawausia Waislamu wawe watiifu kwa Waingereza. Mwaka 1916 Sharifu Hussein wa Makka mwenyewe akawaasi Waturuki.

Wazee wetu wa pwani kwa jumla hawakuinuka. Wapo wanaowalaumu; sisi hatuwalaumu. Waliona kwamba kila fatwa ilikuwa na serikali nyuma yake. Waliobeba mzigo wa vita ile, na mzigo kwa maana yake halisi, ni vijana wa Nyanza na kwingineko waliochukuliwa kuwa wapagazi, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa.

Ikiwa fatwa ya Sheikh-ul-Islam, mwenye cheo na elimu, ilipingwa na Waislamu, itakuwaje ya sauti isiyo na jina?

Hatutamficha mama huyu kwamba hitilafu imo hata vitabuni. Aya ya 39 ya Suratul Hajj iliwaruhusu kupigana wale waliodhulumiwa. Wanavyuoni wengi wakashika kuwa sababu ya vita ni uadui, si ukafiri. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli iliyo mashuhuri zaidi ni kinyume cha hiyo, na kijana akiisoma bila mwalimu atadhani ameruhusiwa kila kitu. Lakini Mashafii hao hao waliharamisha kuua wanawake na watoto, wakaharamisha kuvunja amani aliyopewa mtu. Waliowaua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wakiwatenga Wakristo na Waislamu, hawakufuata kauli yoyote katika hizo. Desemba mwaka huo, karibu na Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo ndani ya basi. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari.

Tuje kwenye ruhusa. Ni kweli wanavyuoni wamesema kuwa adui akiuvamia mji, watu wa mji ule huutetea bila kungoja idhini ya wazazi. Hukumu hiyo ni ya waliovamiwa na walio karibu nao, chini ya kiongozi wao. Migori haikuvamiwa na mtu. Hapo inabaki hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim: mtu alimwendea Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wangali hai. Alipojibu ndiyo, akaelekezwa kwamba jihadi yake ni kuwatumikia hao.

Mama, msomee mwanao hadithi hiyo, kisha mwombe akuulizie jina la yule mwenye sauti, na mwalimu aliyemsomesha.