Fahamu: Galiamu, metali inayoyeyuka kiganjani

Galiamu ni metali laini yenye rangi ya fedha. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 29.8 za Selsiasi, hivyo joto la mkono linatosha kuigeuza kimiminika.

Ina maajabu gani?
Inapoganda hutanuka, kama maji yanapogeuka barafu. Ikipenya ndani ya alumini, huidhoofisha hadi ivunjike kwa urahisi.

Inatumika wapi?
Kwenye taa za LED, chipu za simu na mitambo ya rada.

Inatoka wapi?
Hupatikana hasa boksiti inaposafishwa ili kutengeneza alumini.

Kwa nini inazungumziwa?
China ndiyo mzalishaji mkubwa zaidi duniani, na Agosti 2023 ilianza kudai kibali cha serikali kabla galiamu haijauzwa nje.