Uchumi Ukikua, Sifa ni za Rais? (Sehemu ya Pili)

Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapaa, na kufikia 1977 ilikuwa imeongezeka maradufu na zaidi. Wakulima wa Kilimanjaro na Kagera hawakuwa wamepanua mashamba, wala Ikulu haikuwa imetoa amri yoyote, lakini akiba ya fedha za kigeni ilinona. Mwaka uliofuata serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, akiba ikayeyuka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. 1979 bei ya mafuta ikapanda. Yote mawili yalitukuta mikono mitupu.

Kwa maoni yangu, Mwalimu Nyerere hastahili sifa kwa bei ile ya kahawa, wala lawama kwa bei ya mafuta. Kinachomhusu ni uamuzi wa kufungua mlango wa akiba. Rais apimwe kwa maamuzi yake, si kwa takwimu za miaka aliyokaa Ikulu.

Ugumu ni kwamba maamuzi huchelewa kuzaa, na mara nyingi huzaa mwenyewe akiwa ameshaondoka. Sheria ya kuunda Mamlaka ya Mapato ilipitishwa 1995, Mzee Mwinyi akiwa madarakani. Mamlaka yenyewe ikaanza kazi Julai 1996, chini ya Mkapa. Makusanyo yakahesabiwa katika enzi ya Mkapa.

Lakini Mkapa ana lake, na tumtendee haki. Alipoingia, mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 30. Serikali yake ikajifunga kutumia kila mwezi kile tu kilichokusanywa. Ulikuwa utaratibu mchungu: wizara zilikosa fedha za kazi zilizokwishapangwa, na kishawishi cha kukopa Benki Kuu kilikuwepo. Hakuulegeza. Kabla ya 2000 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10, na msamaha mkubwa wa madeni wa 2001 ulitolewa kwa nchi iliyokwisha kuonyesha nidhamu hiyo.

Dhahabu nayo ina hesabu yake. Sheria ya Madini ya wakati huo ilipitishwa 1998, Geita ilianza kuzalisha 2000 na Bulyanhulu 2001, wakia moja ikiuzwa chini ya dola 300. Mwaka 2011, Kikwete akiwa Rais, ilipita dola 1,800. Bei hiyo haikupangwa Dodoma wala Dar es Salaam. Mkataba na mrabaha, hivyo vilipangwa hapa, na ndivyo tutakavyovichambua wiki ijayo.