Kufu ni Haki ya Binti, si Kipimo cha Utu



Mpwa wangu anasoma chuo cha dini, yuko mwaka wa tatu. Likizo iliyopita alirudi Mombasa akakuta nyumba imenuna. Dada yake ameposwa na mwalimu wa madrasa, kijana wa swala tano na mwenye kazi yake. Lakini babu yake kijana huyo alikuwa Mgiriama aliyesilimu. Wazee wakajibu kwa neno moja: "Si kufu." Binti mwenyewe hakuulizwa.

Usiku ule mpwa wangu alinijia barazani. "Mjomba," akaniambia, "chuoni twalala chumba kimoja, Mpokomo, Mdigo, Mbajuni na Msomali, na twala sinia moja. Anayetusalisha alfajiri ni Mgiriama, kwa sababu ndiye aliyehifadhi Qur'ani kutushinda. Nasimama nyuma yake kila siku. Nikija nyumbani naambiwa mtu kama yule hafai kuwa shemeji yangu. Sasa mimi ni yupi? Wa chuoni au wa nyumbani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tukatoa vitabu tukasoma pamoja. Naandika tuliyoyaona kwa sababu neno hili kufu latajwa kila mtaa, na wengi wetu twalitumia bila kulijua.

Kufu ni kulingana kwa mume na mke. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani, mafaqihi wametaja mambo ya kuangaliwa, kama vile dini, nasaba na kazi. Kwa hivyo wazee hawakuzua. Nasaba imo vitabuni. Lakini vitabu hivyo hivyo vina mambo matatu ambayo barazani hayatajwi.

Kwanza, kufu si sharti la kusihi kwa nikaha. Binti na walii wake wakiridhia, ndoa ni sahihi, hata kama nasaba hazilingani.

Pili, kufu ni haki ya binti na walii wake. Si haki ya jirani, wala ya shangazi wa mtaa wa pili. Makusudio yake ni kumlinda binti: walii akitaka kumwoza mtu asiyelingana naye, ana haki ya kukataa. Ngao aliyopewa yeye tumeigeuza ukuta wa kumfungia.

Tatu, dini nayo ni katika kufu. Fasiki si kufu wa mwanamke mwema. Hapa tuseme kweli: mara ngapi tumewaoza mabinti zetu kwa vijana wa majina makubwa, huku twajua wanashinda kwenye muguka au wameingia kwenye unga? Siku hizo kufu huwa halitajwi.

Mpwa wangu akanikumbusha kisa cha Fatima bint Qais, mwanamke wa Kikuraishi, kilichopokewa na Imam Muslim. Aliposwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume (SAW) akamshauri aolewe na Usama, mwana wa Zaid bin Haritha aliyekuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Mwanzo hakupenda. Kisha akakubali, na akaiona kheri ndani yake. Na Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, imeyafanya makabila kuwa njia ya kujuana, ubora ukawekwa kwenye uchaji.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Habib Swaleh alitoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19. Alikuwa sharifu, mwenye nasaba ambayo mji mzima uliiheshimu. Lakini alikaa na watumwa na wana wa watumwa akawasomesha, wakati elimu ya dini ilikuwa kama mali ya nyumba kubwa. Wako wakubwa wa mji waliochukia. Kutokana na darasa zake ikainuka Riyadha, na leo Maulidi ya Lamu yanakusanya watu wa kila kabila.

Sisemi nasaba ni upuuzi. Kujua wewe ni wa nani ndiko kunakokujulisha nani wa kumzuru, nani wa kumrithi na nani wa kumzika. Wazee nao wana hofu ya kweli, kwamba mila zitagongana na binti atabaki peke yake. Hofu hiyo yataka mazungumzo, haiponi kwa kumshusha mtu daraja kwa sababu ya babu yake.

Jambo moja zaidi lieleweke. Walii akimzuia binti asiolewe na mwanamume aliye kufu yake bila sababu, binti anaweza kwenda kwa Kadhi, ambaye Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa mamlaka juu ya ndoa za Waislamu. Lakini walii anapozuia kwa hoja ya kufu, sheria yamsikiliza zaidi. Ndiyo sababu neno la baba ni zito, naye ataulizwa jinsi alivyolitumia.

Ijumaa baada ya swala, shemeji yangu alimwita binti yake akamuuliza kwa mara ya kwanza. Akajibu, "Baba, mimi nimeridhia." Posa haijajibiwa bado. Mzee amesema ataswali istikhara kwanza. Mpwa wangu amerudi chuoni, na kila siku anapiga simu kuuliza.

Wabillahi tawfiq.