Parachichi na Agizo la "Punguza Mafuta"

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na Katoro, agizo moja husikika kila wiki: "Punguza mafuta." Ni agizo jema, lakini ni fupi mno. Mgonjwa hurudi nalo nyumbani, huitazama sahani yake, kisha huanza kuondoa kimoja baada ya kingine. Parachichi huweza kuwa la kwanza kuondoka, kwa kuwa mafuta yake yanajitangaza yenyewe. Wako Waswahili wanaoliita embe mafuta. Chipsi, maandazi na nyama ya kukaanga hubaki, maana majina yao hayamtishi mtu.

Hapo ndipo swali huzuka: je, parachichi lina nafasi katika mlo wenye mafuta machache? Wengine huchanganya majina ya kitaalamu na kuuliza kama linafaa katika mlo uliopunguzwa mafuta yasiyoshiba. Swali hili la pili limepinduka, na kupinduka kwake kuna hatari, kwa sababu mafuta yasiyoshiba ndiyo yanayopaswa kuchukua nafasi ya yale yanayopunguzwa.

Kushiba na kutoshiba

Mafuta hujengwa kwa minyororo ya kaboni iliyobeba haidrojeni. Mnyororo uliojaa haidrojeni hadi hauwezi kupokea nyingine husemwa umeshiba. Wenye nafasi zilizobaki haujashiba. Minyororo iliyoshiba imenyooka na hupangana kwa kukaribiana, ndiyo maana samli na mafuta ya ng'ombe huganda asubuhi ya baridi. Ile isiyoshiba ina mikunjo, haipangani kwa urahisi, ndiyo maana mafuta ya alizeti hubaki majimaji.

Mwilini tofauti hiyo ni kubwa. Mafuta yaliyoshiba yanapozidi, ini hupunguza kasi yake ya kuondoa katika damu lehemu mbaya, ambayo wengi huijua kwa jina la kolesteroli mbaya. Lehemu hiyo hujipenyeza katika kuta za mishipa na kuifanya iwe myembamba mwaka baada ya mwaka, bila maumivu, hadi siku ya shambulio la moyo au kiharusi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000, kikomo hicho ni gramu 22 hivi.

Parachichi kwenye mizani

Gramu 100 za nyama ya parachichi zina takriban gramu 15 za mafuta. Kati ya hizo, gramu 12 hivi ni mafuta yasiyoshiba na gramu 2 tu ndizo zilizoshiba. Zina pia karibu gramu 7 za nyuzinyuzi, sukari isiyofika gramu moja, na madini mengi ya potasiamu. Kwa kulinganisha, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mawese, yanayotumika sana kukaangia, kina karibu gramu 7 za mafuta yaliyoshiba. Anayeacha nusu parachichi akaendelea na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta hayo amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliofuatilia zaidi ya watu 110,000 kwa takriban miaka 30, uliona kwamba waliokula angalau nusu parachichi mara mbili kwa wiki walipata magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 16 kuliko wale wasiolila au waliolila kwa nadra. Matokeo hayo yapokewe kwa uangalifu, kwa kuwa mla parachichi huenda pia alifanya mazoezi zaidi au alikuwa na kipato kikubwa zaidi. Jaribio lingine la mwaka huohuo liliwapa watu wenye vitambi parachichi moja kila siku kwa miezi 6. Kitambi hakikupungua, uzito haukuongezeka, na lehemu mbaya ilishuka kidogo tu. Parachichi, basi, ni chakula chema. Si dawa, wala halichukui nafasi ya vidonge vya shinikizo la damu.

Sahani ya ukanda wa dhahabu

Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, mchimbaji mdogo anayeshuka kwenye duara na kupandisha mawe kwa mikono hutumia nguvu nyingi, na sahani ya mama lishe iliyojaa humfaa. Taabu huja pale anapopata mali, akawa mmiliki wa duara au mfanyabiashara, akashinda ameketi, ilhali sahani imebaki ileile. Kwake yeye parachichi linafaa pale tu linapochukua nafasi ya kitu kingine: badala ya siagi kwenye mkate, au badala ya nyama yenye mafuta kando ya ugali na maharage. Likiongezwa juu ya vyote hivyo, ni nishati ya ziada.

Kipimo nacho kina maana. Nusu parachichi ya watafiti ni gramu 80 hivi. Maparachichi makubwa ya kienyeji huzidi kipimo hicho mbali, na robo ya tunda huweza kutosha. Juisi ya parachichi iliyotiwa sukari ni jambo jingine kabisa, hasa kwa mwenye kisukari.

Wala asiyelimudu asijione ametengwa. Nchi kavu ya Shinyanga si makao ya mparachichi, na bei sokoni hupanda na kushuka. Mafuta ya alizeti yanayotumiwa kwa kiasi na karanga zisizotiwa chumvi hutoa mafuta yasiyoshiba vilevile. Aidha, mafuta kidogo husaidia utumbo kufyonza viini vya vitamini A vilivyomo katika matembele, majani ya kunde na viazi lishe. Kuyaondoa yote katika chakula cha mtoto au mama mjamzito ni kosa.

Wanaopaswa kuchukua tahadhari

Wapo wagonjwa wachache ambao hupunguziwa mafuta ya kila aina, yaliyoshiba na yasiyoshiba. Hao ni pamoja na wenye kiwango kikubwa mno cha mafuta ya trigliseridi katika damu, kinachoweza kuchoma kongosho, na wale ambao mrija wa limfu kifuani umepasuka. Kwao parachichi huondolewa kweli, kwa maelekezo ya daktari. Mwenye mawe katika kifuko cha nyongo anayepata maumivu baada ya vyakula vya mafuta naye apate ushauri.

Mwenye figo zilizochoka aulize kuhusu potasiamu kabla ya kula, hasa akiwa anatumia dawa kama losartani au spironolaktoni, kwa sababu potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Anayetumia warfarini, kama baadhi ya waliowekewa vali bandia za moyo, asile matatu leo kisha akakaa mwezi bila kulila. Kiasi kiwe cha namna moja, naye daktari ajulishwe.

Mhudumu wa afya, kwa upande wake, anaweza kuliongezea agizo lake maneno machache: mafuta gani yapunguzwe, katika chakula kipi, na nini kiwekwe mahali pake. Mgonjwa asipoambiwa, ana haki ya kuuliza kabla hajatoka chumbani.