Majina ya Watu wa Pwani (4): Feruzi, Jina la Kifalme Walilopewa Watumwa

Baada ya makala yaliyopita juu ya jina Almasi, msomaji mmoja wa Ujiji ameniandikia. Amepata mjukuu wa kiume, na anataka kumrithisha jina la marehemu babu yake, Feruzi. Ndugu wamekataa. Wanasema hilo ni jina la kitumwa, na mtoto asibebeshwe mzigo wa karne nyingine. Anauliza kama wanasema kweli.

Hawajasema uongo. Katika pwani ya karne ya 19, mtu aliyeitwa Feruzi mara nyingi alikuwa mtumwa, au mzalia (mtumwa aliyezaliwa pwani), au mtumwa aliyeachwa huru. Lakini jina lenyewe lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500 kabla halijafikia hali hiyo, na katika sehemu kubwa ya umri huo lilivaliwa na wafalme, maamiri na masahaba. Huwezi kulihukumu kwa sura moja ya safari yake.

Asili yake ni Uajemi. Katika Kiajemi cha zama za ukoo wa kifalme wa Wasasani, peroz ni mshindi. Mfalme Shapur wa Kwanza alipopigana na jeshi la Kirumi la Gordian wa Tatu kando ya mto Furati mwaka 244, alidai ushindi katika maandishi aliyoyachonga kwenye mawe, na mji wa mapigano hayo akaupa jina jipya, Peroz-Shapur, yaani Shapur ni mshindi. Baadaye mji huohuo ulijulikana kwa Waarabu kama Anbar, katika Iraki ya leo. Karne mbili baada yake alitawala mfalme aliyeitwa Peroz, kuanzia mwaka 459 hadi 484. Huyo alipigana na Wahephthali upande wa mashariki, akatekwa, akalazimika kumwacha mwanawe Kavad rehani, na mwishowe akauawa vitani na maadui haohao.

Kiarabu hakina sauti ya p. Waarabu walipolipokea jina, p ikawa f, na Piruz, umbo la baadaye la Peroz, akawa Firuz. Sisi tumelipokea kwa umbo hilo la Kiarabu, tukaongeza irabu mwishoni kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Ndiyo maana pwani hatuna Piruzi.

Kuna na jiwe. Feruzi katika Kiswahili ni pia jiwe la thamani la rangi ya samawati inayoelekea kijani, na wataalamu wa Kiajemi hulitoa jina la jiwe kwenye neno hilohilo la ushindi. Jiwe bora tangu kale lilichimbwa katika milima ya Nishapur, Khorasan. Usamawati wake unatokana na shaba iliyomo ndani yake, na chuma kikiingia rangi huvutwa kuelekea kijani. Waajemi, Waturuki na Wahindi walilivaa kwenye pete na kulifunga kwenye hatamu za farasi wakiamini linakinga mwenye nalo na kumpa ushindi. Kwa hiyo mzazi aliyemwita mwanawe Firuz alikuwa anaomba mambo mawili kwa neno moja.

Katika historia ya Uislamu jina hili linaonekana mapema sana, na linaonekana kwa watu wawili wasiofanana. Wa kwanza ni Firuz al-Daylami wa Yemeni, mzao wa askari wa Kiajemi waliopelekwa huko kabla ya Uislamu. Alisilimu, akahesabiwa miongoni mwa masahaba, na mwaka 632 alishiriki kumuua al-Aswad al-Ansi, aliyejidai utume. Wa pili ni Firuz aliyejulikana kwa kuniya ya Abu Lu'lu'a, mateka wa Kiajemi aliyemchoma kisu Khalifa Umar bin al-Khattab katika msikiti wa Madina mwaka 644. Wako wanaolikwepa jina kwa ajili ya huyo wa pili. Nadhani wanakosea, kwa sababu jina liliendelea kutumika karne zote zilizofuata, tena na Waislamu wa Kisuni. Sultani wa Delhi kuanzia mwaka 1351 hadi 1388 alikuwa Firuz Shah Tughlaq, mjenzi wa misikiti, mifereji na shule. Hadi leo Feroz ni jina la kawaida India, Pakistani na Afghanistani, na Tajikistani halina ugeni wowote. Feroze Gandhi, baba yake Waziri Mkuu Rajiv Gandhi, alikuwa Parsi, yaani wa jamii ya Wahindi wenye asili ya Kiajemi, na Maparsi walikuwapo Unguja pia wakati wa masultani.

Sasa tuje kwenye jambo linalomsumbua msomaji wetu. Jina la kifalme lilimfikiaje mtumwa?

Waarabu wa kale walikuwa na desturi ambayo wanazuoni wao wenyewe waliieleza. Watoto wao waliwapa majina makali, ya wanyama wawindaji, mawe na vita, ili maadui wayaogope. Watumwa waliwapa majina mazuri, ya riziki, baraka na faida, kwa kuwa hao ndio walioitwa nyumbani mchana kutwa, na bwana alipenda kusikia jambo jema kila akifungua kinywa. Desturi hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba ipo hadithi katika Sahihi ya Muslim inayokataza kuwaita vijana wa nyumbani Rabah, Yasar, Aflah na Nafi', kwa maana ukiuliza kama Faida yupo, ukaambiwa hayupo, umejitakia kisirani. Pamoja na katazo hilo, tabia ya kuwapamba watumwa kwa majina ya heri, vito na manukato haikukoma. Kafur, aliyetawala Misri hadi kifo chake mwaka 968, alianza kama mtumwa mweusi, na jina lake ni kafuri. Malik Ambar, Mhabeshi aliyekuwa mtawala mwenye nguvu huko Dekani nchini India hadi mwaka 1626, jina lake ni ambari. Yakuti, Johari, Marijani, Almasi na Feruzi wamo katika kapu hilohilo.

Ninaomba tuliangalie hili bila kulipaka sukari. Mtoto wa Kiyao au wa Kimanyema alifika sokoni akiwa na jina alilopewa na mama yake. Jina hilo halikuulizwa. Alipewa jingine, la kito, kama ambavyo mtu hukipa jina chombo chake kipya. Uzuri wa jina ulikuwa mali ya bwana. Ndiyo maana katika pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, na ng'ambo huko Omani, watu walijua kusoma daraja la mtu kwa jina lake kabla hajasema neno. Muungwana alikuwa Muhammad, Ali, Salim, Hamed, tena bin fulani. Mtumwa alikuwa Feruzi, Mabruki, Faraji, na mara nyingi baada ya jina hakukuwa na bin. Hata katika hati za kuachwa huru zilizotolewa Maskati na ofisi ya Waingereza katika karne ya 20, majina ya namna hii yanajirudia.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa uchache wa jina hili pwani leo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hali ya utumwa ikaondolewa kisheria huko. Walioachwa huru walikuwa na mambo mengi ya kujijengea: shamba, nyumba katika mtaa wa Ng'ambo, kanzu, buibui, na jina. Wengi walibadilisha majina yao, na hasa waliwapa watoto wao majina ya waungwana. Feruzi akamzaa Juma au Abdallah, na jina likafa katika kizazi kimoja. Ninaamini hiki ndicho kilichoifanya pwani ya leo iwe na Marijani na Almasi wa kuokoteza, na Feruzi wachache zaidi.

Barani mambo yalikwenda vingine. Misafara iliyopita Tabora na Ujiji kuelekea Kasongo na Maniema ilijaa watu wa pwani wenye majina haya. Wengi walikuwa watumwa au waliotokana na watumwa, lakini huko bara waliitwa waungwana, wakavaa kanzu, wakasema Kiswahili, wakawa watu wa mji. Wenyeji waliosilimu waliyachukua majina yao kama majina ya heshima, maana waliyasikia kwa watu wenye heshima. Kwa hiyo Feruzi lipo hadi sasa mashariki ya Kongo na Burundi, mara nyingi kama jina la ukoo, na anayelibeba haoni haya. Babu wa msomaji wetu wa Ujiji huenda alilipata kwa njia hiyo hiyo. Feruzi wa Kigoma ana historia tofauti na Feruzi wa Unguja, hata kama jina ni moja.

Uajemi kwenyewe jina limerudi na alama ya Afrika. Kila mwaka kunapokaribia Nouruzi, mwaka mpya wa tarehe 20 au 21 Machi, hutokea barabarani mcheza ngoma aitwaye Haji Firuz, amevaa nyekundu, amepaka uso masizi, anaimba na kumchekesha bwana wake. Wako wanaomtafutia asili ya kale sana. Wengine, na mimi niko upande wao, wanamwona ni kumbukumbu ya watumwa wa Kiafrika waliohudumu katika nyumba za Iran hadi utumwa ulipopigwa marufuku huko mwaka 1929. Katika miaka ya karibuni mjadala juu ya masizi hayo umekuwa mkali miongoni mwa Wairani wenyewe. Jina walilolitoa wao kwa maana ya mshindi wamelirudishia uso wa mtumishi.

Kwa hiyo jibu langu kwa msomaji ni hili: mwite Feruzi. Aibu ya utumwa ni ya aliyenunua na kuuza, haimhusu aliyeitwa. Babu yako alisali kwa jina hilo, akaoa na kuzaa kwa jina hilo, na wewe upo kwa sababu yake. Ndugu wakiendelea kupinga, waelezeni habari za Firuz al-Daylami, kisha waulizeni kama sahaba naye alikuwa na jina la aibu.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Katika cheti cha kuzaliwa andikeni Feruzi, na umbo hilo lifuatwe shuleni na kwenye pasipoti. Msiandike Fairuz. Kwa Waarabu wa leo Fairuz ni jina la kike, hasa tangu mwimbaji wa Lebanoni, Nouhad Haddad, alipopewa kama jina la jukwaani. Kijana akienda kusoma au kufanya kazi Ghuba atachoka kueleza.

Wiki ijayo: Mabruki.