Maktaba Isiyo na Mlango

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwa tovuti ya maktaba, mimi naona mlango ni nusu ya nyumba. Vitabu vijae namna gani, msomaji asipoweza kuingia ni sawa na havipo.

Chukua saa za kufungua. Mara nyingi huwekwa ndani ya picha ya tangazo la rangi. Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Ikikuta picha isiyo na maelezo, humtajia kwamba hapo pana picha, basi. Siku na saa hazijui.

Tatizo hili si geni. Mei 5, 1999, shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti duniani, lilitoa mwongozo ambao kanuni yake ya kwanza ilitaka picha na sauti ziwe na maandishi yenye maana ile ile. Toleo la mwaka 2008 likaongeza kipimo: maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake vitofautiane kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe humtesa hata mzee mwenye miwani.

Yapo na mengine. Mahali pa kutafutia kitabu paonekane mara moja. Kazi zote ziwezekane kwa kibodi, bila kipanya. Badala ya "bonyeza hapa", andikeni "azima kitabu".

Ndugu wakutubi, kabla ya kuzindua tovuti yenu, mwombeni msomaji asiyeona atafute kitabu kimoja. Akikwama, rekebisheni hapo alipokwama.