Majani ya Viazi Yakijikunja

Mvua ikikatika mapema hapa Kiganjo, hukosi kusikia jirani akiuliza, "Waru zangu zimejikunja majani, nipulize dawa gani?" Ngoja kwanza. Kabla hujakimbia agroveti na pesa za karo, inama uangalie ni majani gani hayo, na yamejikunja vipi.

Yakilegea mchana na kunyooka tena usiku, huenda ni kiu tu. Yakiwa membamba na yamejisokota, shina nalo limepinda, kumbuka lile bomba: si ndilo ulilopulizia dawa ya magugu kwa mahindi? Mabaki kidogo ya 2,4-D yanatosha kuharibu viazi.

Lakini majani ya chini yakijikunja kuelekea juu kama kijiko, yakawa magumu, na ukiyafinya yanalia kama karatasi, huo ni ugonjwa wa virusi. Ukianzia huko chini na mmea umedumaa, ulikuja ndani ya mbegu. Ukianzia majani machanga ya juu, umeletwa msimu huu na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Dawa itaua vidukari, sawa, lakini mmea ulioambukizwa haitauponya. Ung'oe pamoja na viazi vyake. Hivyo vinalika, ila visipandwe.

Taabu yenyewe ni desturi yetu: vikubwa vinaenda sokoni, vidogo vinabaki mbegu. Na ni mmea gani unaozaa vidogo vitupu? Ule mgonjwa! Kila msimu tunapanda ugonjwa kwa mikono yetu.

Shamba likichanua, chagua mimea yenye nguvu na usimamishe kijiti kando ya kila mmoja. Baada ya wiki mbili rudi; uliougua, ondoa kijiti. Wakati wa kuvuna chimba yenye vijiti kwanza, uweke viazi vyake kando viwe mbegu. KARI (sasa KALRO) na Kituo cha Kimataifa cha Viazi walifundisha njia hii, na vikundi vya wakulima wa Kenya vilivyoijaribu viliongeza mavuno kwa karibu theluthi. Mbegu iliyoidhinishwa ni bora zaidi, ila bei yake tunaijua.

Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, hilo ni jambo lingine. Kata shina, ulitumbukize ncha kwa glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko wa bakteria. Shamba hilo usichukue mbegu hata moja, vijiti au bila vijiti.